Daktari kasema mama apunguze sodiamu, je magadi nayo imo?

Mtoto wa Chumbageni

Habari zenu jamani, nipo Tanga hapa Chumbageni, nna swali linanisumbua tangu Jumatatu. Mama yangu ana miaka 67, presha anayo ya muda mrefu na sasa miguu imeanza kuvimba, tukampeleka kliniki daktari kamwangalia kampa dawa ya kukojoza kisha akaniita mie pembeni akaniambia mama apunguze sodiamu. Nikasema sawa, chumvi tutapunguza. Tumefika nyumbani namwelezea, akanisikiliza mpaka mwisho halafu akauliza kitu kimoja tu, "na magadi je?" Nikakosa jibu. Manake mama kwake maharage bila magadi hayaivi, kisamvu kinawekwa magadi, makande ndo usiseme.

Na kuna kingine kinanichanganya. Nikiwa kidato cha tatu mwalimu alituonyesha sodiamu, kimadini kimewekwa ndani ya mafuta ya taa, akakikata kwa kisu kama anakata siagi, kipande kidogo kama punje ya mchele, akakitia kwenye beseni la maji kikawa kinakimbia huku na huku kinachachatika mpaka kikatoa moto wa njano. Sasa kitu kama kile ndo kipo kwenye chumvi? Na dripu ya hospitali imeandikwa sodiamu kloraidi, na shangazi yangu wa Makorora anapika sabuni anasema kostiki nayo ni sodiamu. Yani naona kila kitu sodiamu, sasa mama nimpunguzie kipi niache kipi? Naombeni mnisaidie, huyu mzazi ndo nimebaki naye.

Mwalimu Kemia Muheza

Pole sana kwa mzazi, Mungu amjalie afya. Nafundisha kemia na swali la mama yako nimelipenda, ntakuambia kwa nini.

Kwanza hicho kimadini cha kwenye beseni. Sodiamu ikiwa peke yake ina elektroni 11, yani vichembe vidogo sana vya umeme, kumi zimetulia na moja ya nje imekaa upweke inatafuta pa kwenda. Ukiitia majini inaitoa hiyo elektroni papo hapo, linapatikana joto, inatoka gesi ya haidrojeni ambayo ndo inashika moto, na maji yanayobaki kwenye beseni yanakuwa ya kostiki, kama mwalimu wako alitia fenolfthalini, ile dawa ya maabara ya kupimia kostiki, lazima mliona yamegeuka waridi. Sasa sodiamu ya kwenye chumvi ilishaitoa elektroni yake zamani, klorini ikaichukua, hasira zote zimeisha. Ni kama kuni na jivu, jivu halishiki moto tena. Ndo maana huwezi kuokota sodiamu tupu mahali popote duniani, ardhini wala baharini, ipo ile iliyokwisha tulia tu. Kuirudisha kuwa madini kunataka umeme, mtu wa kwanza kufanya hivyo ni Mwingereza Humphry Davy mwaka 1807, alipitisha umeme kwenye kostiki iliyoyeyushwa.

Na sasa jibu la mama. Alama ya sodiamu kwenye jedwali la elementi ni Na, wanafunzi wangu kila mwaka wananiuliza mbona siyo So. Na ni ya natriamu, na natriamu inatokana na natroni, yani magadi, ile ambayo Wamisri wa kale walikaushia maiti za wafalme wao. Ziwa letu la Natron kule mkoa wa Arusha lenye heroe limeitwa hivyo kwa sababu hiyo hiyo, limejaa magadi. Kwa hiyo mwambie mama magadi siyo kwamba nayo imo, magadi ndo iliyoipa sodiamu jina.

Kwa hesabu: chumvi kila gramu 100 ina sodiamu kama gramu 39. Magadi asilia inakaribia 30. Soda ya unga ya kuumulia bajia kama 27. Magadi ipo chini kidogo ya chumvi lakini siyo chini ya kusema tuisahau.

Na kule kwenye moto wa njano, hiyo rangi ndo saini ya sodiamu. Mkiwa na jiko la gesi nyumbani, siku sufuria ya wali ikifurika maji ya chumvi yakagusa moto wa bluu, angalia utageuka njano, ni ileile. Taa za barabarani za zamani zenye mwanga wa njano nazo ndani yake kuna mvuke wa sodiamu.

Mzee wa Pangani

Mwalimu nakuheshimu, ila mie nimekula magadi tangu utoto, bibi yangu kala magadi kafa na miaka mingi meno yote. Magadi inachimbwa ardhini ni kitu cha asili, haina kemikali. Tatizo la siku hizi ni haya mavitu ya madukani. Mwache mama ale chakula alichozoea.

Mwalimu Kemia Muheza

Shikamoo mzee wangu. Nakubaliana na wewe kuhusu ya dukani, ntamwachia nesi aje aseme maana najua yupo humu. Lakini kutoka ardhini hakubadilishi kitu, mwili wa mama ukipokea sodiamu hauulizi imetoka ziwani au kiwandani, chembe ni moja. Bibi pengine hakuwa na presha wala moyo wake haukuchoka, huyu mama miguu imevimba, hali ni tofauti. Halafu magadi ya kaskazini ina jambo lingine, nyingi ina floridi, ndo inayochangia watoto wa kule meno kuwa ya kahawia. Kwa hiyo hata kwa mtu mzima wa afya mie sishauri iwe ya kila siku.

Nesi wa Zamu

Nimefika mwalimu. Mdogo wangu wa Chumbageni pole, nimefanya wodi miaka mingi na watu kama mama yako nawapokea sana, wanaambiwa punguza sodiamu wanaenda nyumbani wanapunguza kijiko cha chumvi basi, baada ya wiki mbili wanarudi wamevimba vilevile tunaanza kulaumiana.

Niseme kwanza kazi yake maana siyo adui. Kwenye damu sodiamu inatakiwa iwe kati ya 135 na 145, hicho kipimo ni milimoli kwa lita, ikishuka sana mtu anachanganyikiwa anaweza hata kupata degedege, ikipanda sana vilevile ubongo unaumia. Kila seli ya mwili ina pampu ndogo inayotoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2 ndani, mchana na usiku haipumziki, na kwa tofauti hiyo ndo mishipa ya fahamu inapeleka habari, misuli inajikunja, moyo unapiga. Aliyeigundua ni mwanasayansi wa Denmark, Jens Christian Skou, mwaka 1957, akaja kupewa tuzo ya Nobel 1997.

Dripu uliyoiona ni chumvi gramu 9 kwenye lita moja ya maji, basi, imepimwa ili iendane na damu. Na ORS, ile pakiti ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha, nayo ni sodiamu na sukari, watu wanadhani sukari imewekwa iwe tamu mtoto anywe, hapana, ukuta wa utumbo una mlango ambao sodiamu na glukosi wanaingia pamoja na maji yanawafuata. Bila sukari ule mlango haufunguki vizuri. Ndo maana pakiti ikikosekana tunafundisha lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta siyo vya mlima, na tafadhali chumvi isizidi hapo kwa mtoto.

Sasa kwa mama: sodiamu inapobaki mwilini inashikilia maji. Maji yanajaa kwenye mishipa presha inapanda, moyo unasukuma mzigo, yanavuja yanashuka miguuni. Ile dawa ya kukojoza inatoa sodiamu na maji kupitia figo, kwa hiyo mkimpa dawa huku mnamrudishia sodiamu kwenye sahani mnachota maji kwa pakacha. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, sawa na chumvi gramu 5, kijiko kimoja cha chai, na hapo ni chumvi ya siku nzima pamoja na iliyojificha ndani ya vyakula. Daktari wake anaweza kumpangia yake tofauti, mfuate yeye.

Na iliyojificha ndo kubwa. Sisi watu wa pwani tuna ng'onda na papa mkavu, hizo ni chumvi iliyovaa samaki. Kuna achari, kuna vile vipande vya kiungo cha mchuzi, kuna mkate wa dukani. Naomba uniambie vitu viwili: sufuria ya maharage ya mama inawekwa nini na kiasi gani, na dawa ZOTE anazokunywa, hata zile za kununua dukani bila cheti. Hizo za dukani usiniache.

Mama Sabuni Ngamiani

Mwanangu, niongezee hapo kwa shangazi yako wa sabuni manake ndo kazi yangu, ili usije ukamwogopesha mama hata kufua. Kostiki ni sodiamu kweli lakini ikishaungana na mafuta ikakauka vizuri inakuwa sabuni, haiingii mwilini ukaanza kuhesabu presha. Tatizo la kostiki ni kabla haijaungana, inakula ngozi, inakula macho. Mie kilo moja ya mafuta ya nazi inataka kostiki gramu 183 kuyamaliza mafuta yote, mawese kilo hiyohiyo ni kama 141 tu, kwa hiyo mtu anayetumia kipimo cha nazi kwenye mawese sabuni yake lazima iunguze mikono. Napima kwa mzani, na napunguza kidogo ili mafuta yabaki kidogo.

Mwambie shangazi kostiki ndo inamiminwa kwenye maji, taratibu, siyo maji kumwagiwa kwenye kostiki, yanaruka. Na asitumie sufuria ya alumini kabisa. Mwaka nilioanza niliikorogea kwenye sufuria ya alumini, ikafoka ikatoa mapovu na mvuke, sufuria ikatoboka na mie nikaungua mkono huu wa kushoto hadi leo kuna alama. Baadae ndo nikaelezwa kwamba kostiki inaila alumini na inatoa gesi ya kushika moto, na jikoni palikuwa na mkaa unawaka. Namshukuru Mungu sana. Ndoo ngumu ya plastiki, glavu, na maji mengi karibu, ikikurukia osha kwa maji tu muda mrefu.

Jambo jingine zuri, kama mna kisima cha pwani chenye maji ya chumvi, sabuni nyingi hazitoi povu, lakini ya nazi inatoa. Wateja wangu wengi wa kule Mwambani wananunua kwa hilo.

Mvuna Chumvi Nunge

Salamu kutoka Bagamoyo. Nimesoma yote, niwieni radhi niingie kwa jambo moja kwa sababu nasikia kila siku wateja wanasema "nipe ile ya mawe ya baharini, haina madhara kama ya pakiti". Ndugu zangu chumvi ya mawe ni chumvi. Nawaeleza inavyopatikana muamini.

Tunafungulia maji wakati wa bamvua, bahari inapanda inajaza bwawa la kwanza, tunafunga. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvichumvi za kila aina kama gramu 35, katika hizo chumvi yenyewe ya kula ni kama 27. Jua na upepo vinakausha, tunahamisha bwawa hadi bwawa. Katikati huku inajitenga jasi kwanza, unaiona inakaa chini kama ukoko mweupe mgumu, hiyo hatuitaki. Maji yakishapungua yamebaki kama sehemu moja ya kumi ndo chumvi inaanza kuota, inaanza juu juu kama vijisahani vinaelea halafu vinazama, mtu aliyezoea akiiona ile asubuhi na mapema moyo unafurahi. Na hatungoji yakauke kabisa, yale maji ya mwisho ni machungu, ndani yake kuna magnesiamu, tunayamwaga. Kwa hiyo kile unachochota kwa reki kuweka kwenye lundo ni sodiamu kloraidi karibu yote, sawa na ya pakiti. Kwa hesabu ya makaratasi gunia la kilo 50 linataka lita karibu 1,900 za bahari, lakini maji mengine yananyonywa na ardhi, na mvua ya siku moja inaweza kuyeyusha kazi ya wiki tatu. Ukiona chumvi imepanda bei baada ya masika usitulaumu.

Tofauti ipo moja na ni ya muhimu, chumvi ya mawe inayouzwa kwenye kopo sokoni mara nyingi haijapuliziwa madini joto. Sheria inataka ya kula iwe nayo, ni kwa ajili ya rovu na akili za watoto. Kwa hiyo kwa mama punguzeni kiasi, lakini hicho kidogo kiwe cha madini joto.

Mtoto wa Chumbageni

Jamani nashukuru sana, sikutegemea. Nimefanya alivyosema nesi, leo nimekaa jikoni na mama kuanzia mwanzo. Maharage nusu kilo, magadi kijiko cha chai kimoja, chumvi vijiko vya chai viwili, kiungo hajaweka kwa sababu ya nazi. Tunakula watu watano. Ng'onda ni mara moja kwa wiki.

Dawa: ya presha, ya kukojoza, na za kununua mwenyewe ni zile panadoli kubwa za kutia kwenye glasi zinatoa povu, kwa ajili ya magoti, viwili asubuhi viwili usiku, karibu mwezi wa tatu sasa. Daktari hatukumwambia, tuliona ni panadoli tu.

Nesi wa Zamu

Hapo hapo mdogo wangu! Chukua karatasi iliyo ndani ya boksi lake utafute pameandikwa sodiamu. Povu linatoka wapi? Ni soda ileile ya bajia, imechanganywa na asidi ya ndimu ya unga, zikikutana kwenye maji zinatoa gesi. Kidonge kimoja cha aina hiyo mara nyingi kina sodiamu karibu miligramu 400. Vinne kwa siku ni 1,600, kabla mama hajala hata tonge. Mwalimu tupigie hesabu ya sufuria.

Mwalimu Kemia Muheza

Nachukulia kijiko cha chai gramu 5. Magadi gramu 5 kwa 30 kwa mia ni miligramu 1,500. Chumvi gramu 10 ni 3,900. Jumla ya sufuria 5,400, gawa kwa watano kama wanakula sawa, kila mtu anapata 1,080, na katika hizo 300 ni za magadi. Ongeza vidonge 1,600, mama kwa mlo mmoja wa maharage na dawa za magoti kafika 2,680. Hapo chai na mkate sijahesabu. Kwa hiyo magadi ni zaidi ya robo ya sufuria, swali la mama lilikuwa la haki kabisa, lakini vidonge vimezidi chumvi na magadi kwa pamoja.

Kuhusu maharage kutoiva, magadi inalainisha kwa sababu inavunja ile gundi inayoshikilia ganda, sodiamu inakaa mahali pa kalsiamu na ganda linalegea. Njia nyingine ni kuyaloweka usiku kucha kwenye maji ya kawaida, asubuhi mwaga hayo maji, chemsha kwa mapya, na chumvi na ndimu ziingie mwishoni yakishaiva. Maharage ya zamani yaliyokaa ghalani hata hivyo yatasumbua, nunueni mapya.

Nesi wa Zamu

Nyongeza fupi halafu naingia zamu. Usimkatishe dawa yoyote ya hospitali. Hivi vya povu mpeleke navyo kliniki mkononi pamoja na boksi, mwonyesheni daktari, panadoli za kawaida za kumeza zipo na hazina hiyo sodiamu, na magoti yenyewe yaangaliwe. Usimnunulie dawa nyingine za maumivu kwa kubahatisha, nyingi zinabana figo na kupandisha presha. Mtu akikwambia kuna chumvi maalumu ya watu wa presha, ile mara nyingi ni potasiamu, kwa mtu anayetumia baadhi ya dawa za presha au mwenye figo dhaifu potasiamu inaweza kupanda ikasimamisha moyo, usiinunue kabla hujauliza. Na msifute chumvi kabisa kabisa, anatumia dawa ya kukojoza, sodiamu ikishuka sana mtaona analegea na kuongea vitu haviendani, hiyo ni ya kukimbia hospitali.

Ng'onda lowekeni usiku, mwaga maji, loweka tena. Ukisoma pakiti ya chakula imeandikwa sodiamu zidisha kwa mbili na nusu upate chumvi.

Mzee wa Pangani

Nimesoma hesabu ya mwalimu mara mbili. Nami mke wangu anatumia hivyo vya povu kwa mgongo, na presha anayo. Nesi asante, nakwenda kuangalia boksi sasa hivi.

Mtoto wa Chumbageni

Nimeangalia karatasi, imeandikwa miligramu 400 na ushee kwa kidonge, sawasawa na alivyosema nesi. Nimemsomea mama kwa sauti. Akanyamaza kidogo akasema basi mie nilikuwa nakunywa bajia. Amekubali magadi iwekwe kabatini, ya kisamvu tu nayo kwa wageni, na ndimu amesema atazidisha. Kesho saa mbili tunaenda kliniki, boksi nimeshalitia kwenye mkoba wake. Maharage yamelowekwa tangu magharibi.